Siku Faraja Alipokwama Katikati ya Barabara

Makambako, Jumanne, mwezi wa Julai

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wetu wa vumbi na baridi kwa pamoja. Sasa ni jioni. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, koti mwilini, na bado natetemeka. Si baridi.

Acha niandike ukweli kabla sijaanza kuupamba.

Binti yangu Faraja ana miaka minane na ana mtindio wa ubongo. Kichwani ni mwepesi kuliko mimi. Kinachomsumbua ni miguu. Wiki iliyopita tulikwenda Njombe kwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliuweka mkono wangu mmoja mbele ya paja la Faraja na mwingine nyuma, akamwambia mtoto akunje goti. Nikasikia misuli ya pande zote mbili inakakamaa kwa mpigo.

“Wewe ukikunja goti, msuli wa nyuma unavuta na wa mbele unalegea,” alisema. “Yake haipokezani. Inavuta yote mara moja. Akishtuka ndiyo inazidi.”

Kisha akasema nisilotaka kulisikia. “Mama Faraja, mwache atembee. Mwili hauwezi kujifunza kutembea ukiwa mgongoni kwako.”

Shule iko ng’ambo ya barabara kuu. Nimekuwa nikimbeba kwenda na kurudi, na kila aliyeuliza nimemjibu kwamba ni kwa ajili yake. Leo nakiri. Akiwa mgongoni ndipo mimi ninapopumua.

Asubuhi hii alitembea. Alinipa sharti: “Mama, kaa nyuma. Usinishike mbele ya wenzangu.” Nikabaki hatua kama ishirini nyuma. Pale pa kuvukia, karibu na mama anayeuza viazi vya kuchemsha, alisimama akaangalia huku na huku. Barabara ilikuwa tupu. Akaingia.

Alipofika katikati, lori likatokea kwenye mteremko. Likapiga honi.

Faraja alishtuka. Magoti yakakaza, visigino vikanyanyuka, mkono wa kulia ukajikunja kifuani. Akasimama pale kama kigingi.

Na mimi sikukimbia.

Mimi, mama yake. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kimbia. Usikimbie, utamshtua zaidi. Piga kelele. Nyamaza. Yote yalinivuta kwa wakati mmoja, nami nikabaki nimeganda.

Aliyekimbia ni muuza viazi. Alitupa beseni lake, akaingia barabarani anapunga kitenge. Lori likafunga breki, likasimama mbali kidogo nao, linapumua. Yule mama akanyoosha mkono amvute mtoto.

Hapo nikasikia sauti ya mwanangu, nyembamba lakini imetulia.

“Shikamoo mama. Usinivute, nitaanguka. Subiri, mguu unakuja.”

Muuza viazi akasubiri. Dereva naye akasubiri, hakupiga honi tena. Faraja akashusha pumzi, akaiangalia miguu yake. Goti moja likalegea. Mguu ukaja. Halafu wa pili. Akavuka, akaendelea na safari ya shule bila kugeuka.

Nilikwenda kumsaidia yule mama kuokota viazi vyake. Nilishindwa kumtazama usoni.

“Kamwene, dada,” alinisalimu kwa Kibena. “Ni wako?”

“Ni wangu.”

Hakuniuliza mbona nilisimama. Angeuliza ningekuwa na nafuu. Aliniambia tu kwamba yeye yuko pale kila siku kuanzia saa kumi na mbili, na kwamba mtoto huyo ana adabu.

Mchana Faraja alirudi anacheka, mwalimu wake kamvusha. “Mama, uliona? Lori zima lilinisubiri mimi!” Nikatabasamu. Nikampakulia chakula. 

Sijamwambia baba yake. Akijua, atasema nimbebe, nami nitakubali haraka mno.

Hicho ndicho kinachonitisha kuliko lori. Natamani mtu anikataze kumwacha atembee.

Saa hizi Faraja yuko mezani anamalizia hesabu zake, penseli kaibana kwa ngumi. Muda si mrefu uliopita aliuliza bila kuinua kichwa, “Kesho natembea tena?”  Nikamwambia ndiyo, ila barabara tutavuka pamoja, bega kwa bega. 

“Sawa. Lakini usinishike.”

Sitamshika. Nimeahidi, na sijui kama mikono yangu itaitii ahadi hiyo.

Nimeshapasi sare yake. Ee Mungu, miguu yake ikigoma kesho, yangu isigome.