Nyasi za Ng'ambo ya Mto

Jumapili, 27 Juni 1904
Mazoezi tena ghalani. Binamu Arseni, msomi wetu wa Moscow, ametunga tamthilia: mwenye shamba anakufa, bintiye anawaachia wakulima ardhi. Binti ni mimi! Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani. Arseni anafoka: paza sauti, Glafira, unawapa watu ardhi, huwaombi radhi! Baba anacheka tu. Eti mchezo haujamdhuru mtu.

Jumanne, 29 Juni. Sikukuu ya Mtakatifu Petro
Ghala lilijaa wakulima, kofia mikononi. Baba hakuja. Ilipofika zamu yangu nikasahau jina la shamba la kubuni. Nikataja ninalolijua: "Nyasi za ng'ambo ya mto ni zenu, kuanzia leo!"
Nyasi zetu. Za kweli.
Kisha Pahom, babake Malanya mtumishi wetu, akapiga ishara ya msalaba, akaniinamia hadi chini. "Mungu akulipe, Bi Glafira."
Sikumsahihisha. Nilijiona mtakatifu! Aibu kuandika haya.

Jumatano, 30 Juni
Alfajiri wakulima wameingia huko na miundu. Nusu ya nyasi iko chini! Baba amemwita mkuu wa polisi. Arseni kapanda treni ya asubuhi — ana mtihani, eti. Mtihani, wakati wa likizo!
Malanya alinisuka nywele. Mwishowe: "Si ulisema wewe, Bi Glafira? Mwambie Bwana basi. Baba ana kifua kibovu, jela itamuua."
Nimemwahidi.

Alhamisi, 1 Julai
Sebuleni. Pahom kasimama na viatu vyake vya magome, hathubutu kukanyaga zulia. Muulizeni Bi Glafira, anasema.
Mkuu wa polisi akacheka: "We mzee! Mtu akiuawa jukwaani utakwenda kumzika?"
"Na huko jukwaani, mheshimiwa, wanajuaje nyasi zetu?"
Baba akanigeukia. Akaniuliza kwa Kifaransa, lugha yetu ya mbele ya watumishi, wasituelewe: ulizitaja kweli?
Malanya alikuwa mlangoni na trei ya chai, macho kwenye mdomo wangu.
Nikajibu. Kwa Kifaransa. Kwa sauti, kama jukwaani: sikuzitaja, Baba, nilifuata maandishi ya Arseni neno kwa neno.
Nimejifungia chumbani. Malanya anagonga.
"Asante, Bi Glafira! Nimekuona ukisema, tena bila woga." Kisha: "Sasa mbona wanamfunga baba yangu mikono?"
Anagonga tena —