Gauni la Bluu Mlangoni

Dada Twyla,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Cody, na yule mbwa wetu mzee ikiwa bado anapumua. Mgongo umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, tena zaidi kuliko nilivyokuwa mwaka huu wote. Cody aliniambia ulilia niliposafirishwa kutoka mahabusu ya kaunti kuja hapa gereza la jimbo, ukadhani nimetupwa shimo refu zaidi. Kwa kuwa simu zangu hupokei, nivumilie nikueleze kwa kalamu.

Kule mahabusu hakuna anayeishi. Kila mtu anangoja: huyu dhamana, yule kesi, mwingine pombe imtoke. Jirani wa leo kesho hayupo, basi hakuna anayejali jina la mwenzake. Taa hazizimwi. Madirisha yamepakwa rangi, na jua sikuliona tangu theluji mpaka mahindi yalipokomaa. Nililala na viatu miguuni visije vikaibwa.

Hapa nina kabati langu lenye kufuli, kazi jikoni, na uwanja wa kutembea ambao kutoka kona yake moja milima inaonekana. Asubuhi ya kwanza nilijiaibisha. Tuliitwa kula, nami nikasimama mbele ya mlango, mikono nyuma, nikingoja ufunguliwe kwa umeme kama kule. Watu wakajazana nyuma yangu. Mzee Hobart, ninayelala naye chumba kimoja, ambaye aliingia hapa nywele zake zikiwa bado nyekundu, akaniambia, "Mwanangu, mlango huo uko wazi tangu alfajiri. Unangoja bibi harusi?" Tangu hapo wananiita Bwana Harusi. Nami nilicheka, Dada. Kule mtu akikucheka unakunja ngumi.

Sasa Mama. Kule, siku niliyopewa habari za kifo chake, niliporudi kutoka kwa kasisi niliwakuta wenzangu wanagombania rimoti ya televisheni. Nikajifunika blanketi. Sikulia, maana kule ukilia umekwisha.

Hapa Hobart aliona picha ya Mama ukutani akauliza kama huwa anakuja kunitazama. Nikamjibu kwamba tumeshamzika. Jumapili baada ya ibada nilikuta watu wa safu yetu ya vyumba wamekaa, kila mmoja ametoa kitu kabatini mwake: tambi, soseji, maharage, chipsi za mahindi, vyote vimechanganywa na maji moto ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Ndiyo desturi ya hapa: mtu akifiwa na mama, safu nzima hula naye, na hakuna anayeonja kabla mfiwa hajamzungumzia marehemu.

"Haya, Bwana Harusi," Hobart akasema, "tuambie alikuwa anapika nini. Njaa inatuuma."

Nikawasimulia mkate wake wa mahindi, uliokuwa ukiungua upande mmoja kwa sababu jiko letu limeinama, na jinsi alivyojikatia kila siku kipande kilichoungua akidai ndicho anachokipenda.

Jamaa mmoja, mpana kama mlango wa ghala, akaguta, "Wa kwangu vilevile! Waongo wakubwa, mama zetu!"

Nikacheka, kisha nikalia mpaka kamasi. Hakuna aliyegeuza uso. Mmoja alinipa kijiko.

Dada, mara ya mwisho tulipoongea ulisema nilimvunja Mama moyo nilipokubali kosa badala ya kungoja kesi, na kwamba ndicho kilichomuua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeapa. Lakini huwezi kuendelea kubeba jambo ambalo si kweli.

Mama ndiye aliyeniambia nikubali. Ilikuwa mara ile ya mwisho mlipokuja pamoja, wewe ukatoka kutafuta kahawa. Kule huoni mtu ila kwenye skrini, na Mama hakujua kamera iko wapi. Niliona tu njia ya nywele zake utosini. Akanyoosha kiganja anishike, akaifunika kamera, kukawa giza. Ndani ya giza lile akasema, "Wendell, kosa ulilitenda. Likubali uende gereza la jimbo. Kaka yangu alipokuwa gerezani nilimshika mkono kila nilipokwenda. Mimi nataka kukushika, sina muda wa kungoja hakimu." Akaniapisha nisikwambie, kwa kuwa wewe ndiye uliyehangaika kutafuta wakili.

Uliniuliza kwa nini ulilikuta gauni lake la bluu limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, wakati hakukuwa na ibada wiki ile. Lilikuwa la kuja huku. Hakufa amevunjika moyo, Twyla. Alikuwa anajiandaa na safari.

Jina lako nimeshaliandikisha, nalo limekubaliwa. Wageni huingia Jumamosi. Usivae kaki, ndiyo sare yetu wafungwa, watakurudisha langoni. Kukumbatiana kunaruhusiwa mara mbili, ukifika na ukiondoka. Mara ya kwanza iwe yetu sisi wawili. Ya pili nishike kwa niaba yake.

Nisalimie Cody, umkune mbwa nyuma ya sikio lile bovu. Lala salama, Dada.

Mdogo wako akupendaye,
Wendell