Nyumba ya Papa Kisimba Imekuwa ya Kisasa

Kalemie

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku chini ziwani. Kile kifua kimekuacha? Na ng'ombe wa Papa wetu, wamepona ugonjwa wa midomo? Mwili wangu mzima. Mengine nakuandikia kwa sababu mtandao wenu wa Pepa hukatika kabla neno halijaisha, na maneno haya sitaki yakatike.

Unamkumbuka mukwe wangu, Papa Kisimba, aliyekuja kwenu kumposea mwanawe akishikwa mkono. Macho yake yalizimika zamani, lakini ndani ya nyumba yake hakuhitaji mkono wa mtu. Aliijenga mwenyewe alipokuwa bado akiona na kufanya kazi bandarini. Kila siku alipitisha vidole ukutani toka chumbani hadi mezani, akazunguka kabati la marehemu mkewe, akatoka barazani. Mgeni angekaa naye mchana kutwa asijue kwamba haoni.

Mume wangu Fabien alipopandishwa cheo, nyumba ikaanza kumtia aibu. "Vyumba kama masanduku," akasema. "Sasa watu wanabomoa kuta, wanafungua salo ya wageni, wanaweka karo chini, wanaweka plafo yenye mataa juu." Nikamuuliza kama amemwambia baba yake.

"Nimwambie nini? Hata rangi hataiona."

Akangoja Papa Kisimba aende misa. Mafundi wakaingia na nyundo. Papa aliporudi nilimpokea mlangoni nimweleze, akautoa mkono wangu taratibu. "Niko kwangu, Feza." Akanyoosha vidole kutafuta ukuta wa chumba chake. Haukuwapo. Akasogea, akanyoosha tena, akaanguka juu ya vifusi. Mafundi waliacha nyundo. Fabien, Mama, alicheka.

"Papa, utazoea! Hii njo mode ya sasa."

Kabati la mama mukwe likawa kuni za mafundi. Karo za vigae zikatandazwa, nyeupe, zinateleza kama sabuni. Choo kikahamishwa, na siku moja Papa alikitafuta mpaka akajikojolea katikati ya salo mpya. Fabien akaniita nipanguse, kisha akabeba godoro la baba yake mpaka depo, ile stoo ya nyuma ya jikoni, kati ya mifuko ya simenti iliyobaki. Nilipomwambia hivi si vizuri, akajibu, "Kama unamuhurumia sana, lala naye."

Halafu akaalika wakubwa wake wa kazini. Ilikuwa mchana, na mimi nilikuwa nikikaanga samaki. Papa aliposikia sauti za wageni, alivaa koti lake la Pasaka akaja kuwapokea, maana ndiye mwenye nyumba. Pale alipozoea kupita sasa kuna mlango wa kioo. Akaugonga kwa paji la uso. Kioo hakikuvunjika, ila ngozi ilipasuka. Fabien akainuka mbio, nikadhani anamkimbilia baba yake. Alichukua kitambaa, akafuta damu kwenye kioo.

"Ni muzee tunamusaidia tu hapa," akawaambia wageni.

Papa alisikia. Nilimwosha kidonda. Kisha akaniuliza, "Feza, kwenu Pepa kuna nafasi ya muntu mumoja?"

"Ya wawili, Papa."

Fabien hakunizuia. Aliuliza tu nani atawapikia wageni wakija tena.

Jana asubuhi, tukiwa tayari na mizigo, Papa aliomba nitangulie ndani naye afuate sauti yangu. Aligusa kuta laini, kochi za ngozi, ule mlango wa kioo. Fabien alikuwa anakunywa chai.

"Nyumba nzuri," Papa akasema. "Ni ya nani?"

Fabien akamtazama. Ningeapa alitaka kunyamaza. "Ni yangu, Papa."

Papa akavua kofia, akainama kidogo kuelekea ilikotoka sauti. "Basi asante kwa kunipokea, bwana. Nimekaa vizuri." Akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akakubali kuongozwa mpaka nje.

Sasa tuko kwa mama mukubwa, dada yako, tunangoja mashua ya Moba, ndipo tupande Pepa. Barua hii inatangulia na dereva wa lori la ng'ombe anayerudi Pepa. Tafadhali mtandikie Papa Kisimba chumba cha mbele, na mwambie mdogo wangu mchunga ng'ombe asihamishe kitu humo hata kigoda. Msalimie Papa wetu, msalimie shangazi aliyenilea, na katekista wetu aniombee, kwa sababu mimi kumwombea Fabien sijaweza bado.

Mungu awatunze mpaka tufike mlangoni.

Mwanao anayerudi na mzee wake,
Feza