Maji ya Koti la Kijani

Baba mpendwa, mwenye kamba na vibanio,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye stuli yako ya kufulia, hapa Suneka. Mvua ya mchana inapiga bati. Ndoo ya bluu iko mlangoni, imejaa. Kuna jambo nilikuficha ulipokuwa wodini, na sasa naona limekuchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Nitalifikia. Niache nizunguke kidogo, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kwenye jezi chafu huanzi na doa kubwa. Unaanza na kola.

Unakumbuka Jumatatu zetu? Timu yetu ya Migomba ilicheza Jumapili kwa sababu nusu ya wachezaji na nusu ya mashabiki walikuwa Wasabato, na hakuna kocha aliyethubutu kuwagusia Jumamosi yao. Jumatatu asubuhi, kabla hujaenda kwenye cherehani yako sokoni, ulimwaga mfuko mzima wa jezi za njano uani ukaanza kusugua udongo mwekundu kwa kipande cha sabuni. Kazi yangu ilikuwa vibanio. Jezi zilianikwa kwa mpangilio wa namba, moja hadi kumi na moja, zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na bega la kila jezi likashikwa pamoja na bega la jirani yake kwa kibanio kimoja. "Zigeuze, nyathina," ulikuwa ukiniambia kwa Kijaluo chetu, mtoto wangu. "Jua lisile namba." Siku niliyotanguliza nane kabla ya saba ulinifanya nianue zote nianze upya. Nilichelewa shule, na mama mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi chini.

Watu walikucheka na wewe. Mjaluo mzima, fundi wa nguo mwenye wateja hadi Kisii mjini, anawafulia vijana wa wenyewe! Ulivaa koti lako la kijani, lenye mkungu wa ndizi uliodarizi kifuani kwa mkono wako, ukawajibu, "Nyinyi pigeni kelele uwanjani. Mimi nawavalisha." Mwishowe wakaanza kukuita Mogaka, kama wanavyomwita mzee wao wa kumheshimu. Nilijivuna hadi nikawa nachukiza darasani.

Na kulikuwa na yale maji. Hayakuwa mila ya kwetu ziwani wala ya Wakisii. Yalikuwa ya timu, na sijui nani aliyaanzisha kama si wewe. Mchezaji akiondoka, jezi yake ilifuliwa peke yake, na maji ya kwanza, yale mekundu yenye jasho lake, yakabebwa hadi uwanjani na kumwagwa kwenye kona iliyo upande wa kanisa. Nilikufuata siku kipa wetu alipopata kazi ya polisi. Ulipita katikati ya soko na ndoo ya bluu, wauza ndizi wakakupisha bila kuuliza kitu. Ulipoyamwaga ulisema, "Haya, mwanangu, umeachiliwa. Nenda." Nikakuuliza, na yasipomwagwa? Ulikuwa unakunjua mikono ya koti. "Basi ataendelea kuja," ukasema, kwa sauti ile ile ya kuniambia unga umeisha.

Halafu akaja Bosi. Siwezi kumtaja jina bila kutema mate, na niko ndani ya nyumba. Alinunua timu, akaja na gari refu na kiti chake mwenyewe chenye kivuli, akatuahidi uwanja wenye majukwaa. Msimu wa kwanza tulimpigia vigelegele. Mimi nilikuwa mbele kabisa, mjinga wa kwanza. Msimu wa pili alimtoa Momanyi, namba nane wetu, yule aliyekuwa akipiga pasi hata ng'ombe waliokuwa wakila nyasi nyuma ya goli wanainua kichwa. Akambadilisha na wachezaji wawili ambao kati ya magoti yao manne lililokuwa zima ni moja. Akasema ni mipango. Kisha akamuuza beki, kisha winga, kisha akawapunguzia mishahara waliobaki, na wao wakaanza kukimbia kwa kiasi cha mshahara. Tulipomzomea alitangaza kwa kipaza sauti kwamba timu ni biashara na asiyetaka abaki nyumbani. Sisi ndio tuliokuwa nyumbani, Baba. Yeye ndiye aliyekuja.

Wewe hukuzomea. Ulifua tu, ukabeba ndoo, Jumatatu baada ya Jumatatu, hadi kile kikohozi kilipokuangusha kando ya karo. Wodini kule Kisii hukuniuliza habari za dawa wala za daktari. Ulikuwa unaniuliza, "Umezigeuza?" Nakujibu nimezigeuza. "Nani ameondoka?" Nakutajia. Wiki moja walikuwa watano kwa mpigo, na nilibeba ndoo mara tano, mvua ikininyeshea, nikasema maneno yako neno kwa neno. Nilipokusimulia ulifumba macho ukatabasamu. Kisha ukayafumbua ukauliza, "Hakuna mwingine? Ni hao tu?"

Nikasema, "Ni hao tu, Baba."

Doa lenyewe ni hilo. Nilikudanganya. Wa sita alikuwa wewe.

Katibu wa timu alinisubiri kwenye lango la hospitali na barua ya mistari mitatu. Timu inapunguza watu, huduma ya mfuaji haihitajiki tena, asante. Hawakuandika hata jina lako, waliandika "mfuaji". Katibu mwenyewe aliona haya, alikuwa akiangalia viatu vyake. "Dada, mimi nimetumwa tu," akasema. "Weka sahihi hapa, kwa niaba ya mzee." Nikaweka. Nikaikunja barua nikaitia kwenye kitambaa cha ndani cha mkoba, nikapanda ngazi nikakukuta umeketi kitandani, unaniambia Jumapili utakuwa umerudi kazini. Ningekuambiaje? Uso wako ulikuwa umebaki mifupa na hiyo Jumapili.

Hukuifikia. Tulikupeleka nyumbani ziwani, tukakuzika na suti ya kijivu kama ulivyotaka, na watu wa Suneka walikuja wengi kuliko jamaa zetu. Momanyi alikuja. Bosi hakuja. Koti lako la kijani lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na udongo wa mechi ya mwisho kwenye pindo. Sikulifua. Kulifua ilikuwa kukubali ile barua.

Miezi michache baadaye Bosi aliuza hata nafasi yetu kwenye ligi, kwa watu wa mji mwingine, na timu ikahama na rangi mpya na jina jipya. Jezi za njano hawakuzitaka. Niliziosha mara ya mwisho nikazifungia kwenye mfuko wake, chini ya kitanda changu, na mlango wa chumba nikaufunga kwa ufunguo. Uwanjani sasa wanalisha mbuzi.

Jumatatu moja nikatoka kazini, lile duka la vifaa vya ujenzi unalolijua, nikafika nyumbani kama saa kumi. Jezi zilikuwa kwenye kamba. Zote kumi na moja, kwa mpangilio, zimegeuzwa ndani nje, bega kwa bega kwa kibanio kimoja. Zilikuwa zinadondoka maji. Nilijiambia ni mama mwenye nyumba amenihurumia. Nikaingia ndani, mlango wa chumba umefungwa kama nilivyouacha, mfuko uko chini ya kitanda, mtupu. Kwenye karo kulikuwa na udongo mwekundu mbichi. Hakuna aliyecheza mpira Suneka wiki ile.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Na iliyofuata. Nilianza kuangalia sabuni: kipande nilichonunua Jumamosi kilikuwa kimelika upande mmoja tu, kimeinama kama ulivyokuwa ukikilaza kwenye kiganja chako cha kushoto. Koti kwenye msumari lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Usiniulize kwa nini sikupiga kelele. Nilitandika taulo chini yake lisidondokee sakafu, nikapika ugali. Kusema kweli nilifurahi. Niliacha chai kwenye chupa kila Jumatatu asubuhi, nikirudi naikuta imepoa na haijaguswa, na bado naacha nyingine.

Ningeendelea hivyo hadi uzeeni kama si Madam Kwamboka. Ni mwalimu, ametoka Kenyenya, amepanga chumba cha mwisho mwezi uliopita, hakukujua kabisa. Jumatatu iliyopita alinisimamisha langoni.

"Akinyi, ule mzee ya koti ya kijani ni nani yako?"

Nikamuuliza mzee yupi.

"Si huyo anafuaga hapo karo. Leo nimemsalimia bwakire, akaniitikia na Kijaluo. Mzee mzuri, lakini anakohoa sana, mono! Anakohoa mpaka anashika kamba ndio asianguke. Kwani hamuwezi kumwachisha hiyo kazi? Mwambieni apumzike, jameni."

Sikuwa nimejua kuhusu kikohozi. Nilidhani huko uliko kimekuacha.

Jumatatu hii niliomba ruhusa kazini. Nilikaa dirishani tangu asubuhi, pazia nimelifungua kidogo. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, mweupe, ukaingia uani ukaficha karo, kamba na mti wa parachichi. Sikuona kitu. Nilisikia bomba likifunguliwa. Nikasikia kusugua, polepole, kwa vituo virefu. Halafu kikohozi, Baba, kile kile cha mwezi wako wa mwisho, kinachoanzia tumboni, na baada yake mtu anavuta pumzi na kurudi kwenye kusugua. Nilihesabu vibanio vikibana, kimoja kimoja. Kati ya cha nne na cha tano ulipumzika muda mrefu hadi nikasimama. Ukungu ulipoondoka jezi zilikuwa kwenye kamba na kwenye saruji kulikuwa na alama za viganja viwili, pale mtu alipojishika kuinuka.

Hapo ndipo nilipolia, na nilijichukia. Bosi alikutoa kwa mistari mitatu, ni kweli, na nitamwambia hivyo siku nikikutana naye, hata akiwa kwenye hilo gari lake. Lakini aliyekunyima kuachiliwa ni mimi. Unakuja kazini kila wiki, mgonjwa, kwenye timu isiyokuwepo, kwa sababu binti yako alisema ni hao tu.

Kwa hiyo sikiliza, nakuambia sasa. Walikuachisha kazi, Baba. Ilikuwa siku ile ile ya wale watano. Barua ninayo hapa, nimekusomea kwa sauti mbele ya karo asubuhi hii, mistari yote mitatu, na nikakuongezea wa nne wangu mwenyewe: kwamba hakuna mtu wa Migomba aliyewahi kuingia uwanjani na namba iliyopauka, miaka yote ile, na hiyo ni kazi yako. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alivua kitambaa kichwani.

Kisha nikalitoa koti kwenye msumari. Nimelifua peke yake, kuanzia kola. Pindo lilitoa udongo hadi nikadhani halitaisha, na maji yakawa mekundu, na ndani yake kulikuwa na harufu ya sabuni na mafuta ya cherehani. Niliyamimina kwenye ndoo ya bluu. Nimelianika ndani nje, pale mwisho wa kamba, baada ya kumi na moja, nikalibana bega kwa bega na jezi ya winga, namba kumi na moja.

Najua nikiyamwaga haya maji Jumatatu zitakuwa Jumatatu tu. Nitarudi kutoka kazini nikute kamba kavu. Nimekaa hapa tangu saa sita nikitafuta sababu ya kungoja hadi wiki ijayo, na mvua imenisaidia, lakini imepita sasa. Wauza ndizi wanafunua vibanda vyao. Watanipisha.

Nachukua ndoo, Baba. Kutoka hapa hadi kona ya upande wa kanisa si mbali, wewe ulikuwa unafika upesi. Mimi nitatembea polepole, ili na kikohozi hicho uweze kunifuata.

Mwanao wa vibanio,
Akinyi