Maganda Yanachanika, na Mume Wangu Ananilaumu Mimi

Shangazi Corinne, salamu kutoka huku bondeni, na kabla hujacheka kwamba mwanamke mzima anakuandikia habari za maganda ya risasi naomba unisikilize kwanza, maana maganda hayo yamebakiza kidogo tu yatulaze vyumba tofauti.

Mimi na mume wangu Delmar tunajaza upya wenyewe risasi zilizokwisha kupigwa, kama watu wengi wa hapa Montana, tangu tulipooana. Mashine iko karakanani, kalibu ni ya marehemu baba yake, na kazi tumegawana, mimi naokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyaosha, yeye anayapaka grisi na kuyapitisha kwenye kalibu yarudie umbo lake, anatia fataki ya kuwashia, anapima baruti, anaziba mdomo kwa kichwa cha risasi, na vuli ikifika tunapanda mlimani na binti yetu Britta kuwinda kulungu wakubwa, nyama ikatutosha mpaka theluji iyeyuke. Mwaka huu maganda yanatoka yamechanwa michirizi mirefu kama ya kucha kutoka mdomoni hadi kitakoni, mpaka jirani yetu Orville aliyaona kwenye uwanja wa shabaha akauliza mbele ya watu, "Delmar, siku hizi unafuga paka humo karakanani?" Watu wakacheka, Delmar hakucheka, na tulipofika nyumbani akanigeukia, "Verna, umeharibu kalibu ya baba. Umeipaka mafuta yako ya kukaangia." Shangazi, mimi sijawahi kupaka mafuta ya kukaangia kitu kisicholiwa.

Basi nikaanza kumtazama akifanya kazi, nikaona anapaka ganda grisi, analilaza juu ya kitambaa kilichokwisha kuanguka sakafuni na kuokotwa bila kukung'utwa, mchanga unaliganda kama sukari juu ya donati, halafu analiinua kwenye taa ananionyesha, "Tazama linavyong'aa!" kisha analisukuma kwenye kalibu nalo linalia kwiii, na nilipomwambia, "Delmar, hilo lina mchanga," akanijibu, "Niondokee kwenye mwanga wangu." Tangu hapo akienda mjini kunywa kahawa na wenzake mimi naingia karakanani kama mwizi, nayafuta maganda aliyokwisha kuyapaka, nambadilishia kitambaa, na yakitoka safi anapiga mluzi na kujisifu kwamba ameitengeneza kalibu, nami nanyamaza. Chai anaimimina nje ya kikombe, gazeti analisomea dirishani, na juzi alisoma mizani ya baruti akataja namba ambayo mimi niliyesimama nyuma yake sikuiona, nikajiambia labda ni macho yangu.

Niambie, nifanye nini maganda yasichanike tena, na je, nakosea kumtunzia mume wangu heshima yake kimyakimya hivi?

Verna

SHANGAZI CORINNE ANAJIBU

Verna, barua yako haikungoja gazeti. Nilipofika kwenye habari za mizani niliiweka barua chini nikashika simu, na yaliyofuata nayaandika hapa kwa ruhusa yenu wote wawili, kwa sababu karakana kama yenu ziko nyingi.

Tuanze na ulichouliza. Kalibu haina kosa, na wewe huna kosa la mafuta. Kinachochana ganda ni chembe: mchanga ulioganda juu yake, au kipande cha shaba kilichong'ang'ania ndani ya kalibu na kinachokwaruza kila kinachopita. Kwa hiyo uwanjani tandika turubai maganda yaangukie hapo, si kwenye kokoto. Yaoshe, yakauke kabisa. Yafute moja moja kwa kitambaa safi kabla ya kuyapaka grisi, nayo iwe kidogo, maana ikizidi inabonyeza ganda. Kalibu ifunguliwe, isuguliwe ndani, ifutwe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha pitisha ukucha juu ya mchirizi: ukiteleza, ganda ni bovu la sura tu, ukikwama, tupa. Na ukiona duara linalong'aa karibu na kitako, shaba imekonda na itakatika, hapo usijadiliane na mtu, tupa.

Hayo ni ya maganda. Sasa tuseme lililokufanya uandike.

Nilipopiga simu tukaanza kuzungumza habari za macho, Delmar aliichukua mkononi mwako. "Wewe ndiye unayesema mimi ni kipofu?"

"Hakuna aliyesema," nikamjibu. "Chukua ganda moja ulilolipaka leo. Unaona nini?"

"Naona ganda safi."

"Sasa lipitishie kidole."

Nikasikia mchanga ukikwaruza chini ya kidole chake. Kisha akasema, si kwangu, "Verna, kwa nini hukuniambia?"

Nawe ukamjibu, nami nilikusikia vizuri, "Ningekuambia nikiwa nimesimama wapi, Delmar? Kila nikifungua mdomo unanifukuza kwenye mwanga."

Nilikupigia makofi huku kwangu, mama. Lakini kukupongeza kumeishia hapo. Ulimwona mtu asiyeona mchanga akipima baruti, na hizo risasi zingepigwa zikiwa kando ya shavu la binti yako, nawe ukachagua kufua vitambaa. Ulidhani unamfichia aibu, kumbe ulikuwa unamwondolea dalili pekee iliyokuwa ikimwambia ukweli. Ile michirizi ilikuwa inamsemea. Wewe ukaifuta.

Na wewe Delmar, najua unasoma hapa, au unasomewa. Mzee mzima umemsingizia mkeo mafuta ya kukaangia baada ya ndoa ya miaka yote hiyo. Muombe radhi kwa sauti, na Orville awepo. Macho kufifia si aibu, hata baba yangu kulimpata, na yeye hakuwa na bahati yako ya kupata daktari upesi. Mmenieleza kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba jicho la kwanza linafanyiwa upasuaji kabla msimu haujafunguliwa. Vizuri sana. Mpaka daktari aseme unaona, mkono wa mashine vuta wewe, na mizani asome Verna, kwa sauti, nawe ukae kimya. Akisema "rudisha," rudisha baruti koponi. Na akikataa, Verna, mwite Britta aje abebe kopo la baruti na fataki zote akae nazo kwake. Britta mwenyewe alinihakikishia kwa simu kwamba yuko tayari, tena alisema, "Heshima ya baba naipenda, lakini hata jicho langu nalipenda."

Mmeniuliza kama zile risasi mlizokwisha kujaza mwaka huu mnaweza kuchagua zilizotoka bila mchirizi mkaenda nazo mlimani. Hapana. Ganda lililochanika linaweza kukurudisha nyumbani salama, na ganda linalong'aa kama pete ya harusi linaweza kuwa limebeba baruti iliyozidi. Kwa nje hamwezi kujua. Kaeni mezani wote wawili, mzifumue, baruti yote imwagwe. Zote, Verna. Hasa zile nzuri.