Wakikupigia, kubali

Nyasuguta, usicheke kwanza.

Mashine ya kutenganisha seli hapa maabara imeziba leo, ikarusha matone yenye TB ndani ya kabati lake la kuvuta hewa chafu. Kengele ikalia! Hewa haikuvutwa vizuri kwa sababu boksi la glavu lilifunika matundu. Boksi nililoweka mimi. Mimi, ninayefokea wengine!

Bosi Omanga akapiga kelele nyuma ya kioo: "Rispa, usifungue! Acha feni iendelee, toka, ukae chumba cha pembeni peke yako!"

Nikakaa. Bado nangoja kupimwa.

Akaniuliza kupitia mlango: "Tumpigie nani wa kwenu?"

Tumpigie nani!

Nikakutaja wewe, nikasema ni dada yangu.

"Nyasuguta? Wewe Mjaluo, dada yako Mkisii?"

Nikasema ndiyo. Wakikupigia huko Migori, kubali tu.