Mshipa Nyuma ya Umio

Jumatatu, 8 Septemba
Chai na chapati kabla ya kwenda kushona. Chapati imekwama tena kifuani. Nimeisukuma kwa maji, maji nayo yakarudi. Mke wangu Mariamu ananitazama tu. Tumeoana mwaka huu. Kabla yake sikuwahi kukwama.

Alhamisi, 11 Septemba
Mama amepiga simu kutoka Bujumbura. Nimemweleza. Akauliza: "Mwanangu, nani anakupikia?"
Hilo tu. Limeniingia.

Jumapili, 14 Septemba
Nimekula mgahawani, karibu na msikiti. Mchuzi umepita. Nyama imekataa. Nikajiambia sumu ya Mariamu bado iko mwilini. Siku hizi nina jibu la kila kitu.

Jumatano, 17 Septemba
Nimekonda. Mariamu anapika akiimba. Kwa nini anaimba? Alipotoka kwenda dukani nimefunua sufuria, nikakoroga, nikanusa. Isombe. Majani ya muhogo tu. Nimeona aibu. Sikula.

Ijumaa, 19 Septemba
Amejua. Jirani aliniona dirishani nikinusa, akamwambia. Mariamu ameweka sahani, akakata kitonge cha ugali upande wangu, akala. Akala na samaki. Akanywa maji ya gilasi yangu.
"Sijafa. Kula sasa. Na Jumanne twende hospitali, nimeshaomba nafasi."
Amehamishia godoro lake sebuleni. Naogopa kwenda. Naogopa zaidi kutokwenda.

Jumanne, 23 Septemba
Wamenipa dawa nyeupe, nzito kama chokaa, nimeze huku wanapiga picha. Kisha nikaingizwa kwenye skana. Daktari amenionyesha: mshipa wa damu wa mkono wa kulia umepita pasipo pake, nyuma ya umio, unaubana. Nikauliza kama mtu anaweza kuwekewa kitu kama hicho.
"Na nani? Umezaliwa nao. Miaka ikienda mshipa unakakamaa, ndiyo maana unausikia sasa."
Mariamu alikuwa kwenye benchi nje. Nimemweleza yote, hata swali la Mama.
"Tangu tumboni?"
"Tangu tumboni."
"Basi mwulize mama yako alikupikia nini."
Hakucheka. Wala mimi.

Jumapili, 28 Septemba
Hawanipasui kwa sasa. Vyakula laini, vitonge vidogo, kutafuna sana. Nimempigia Mama mbele ya Mariamu, nikamwambia tulimkosea. Mama akaomba kuongea naye. Mariamu akatikisa kichwa, akatoka uani kufua.
Nimemfuata. Alikuwa anakamua shuka peke yake. Nikashika upande wa pili. Hakuniambia niachie.